Mikeka Sita ya Fundi Akida

Fundi Akida Zamoyoni alikuwa na miezi mitatu tangu ahamishie kazi yake mtaa wa Kambarage, na katika miezi hiyo yote waliogonga mlango wake wa kazi walikuwa watu wanne. Mmoja wao alikuwa jirani aliyekuja kuazima nyundo.

Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na minane, alikuwa na chumba karibu na soko, katikati ya mji wa Shinyanga, mahali ambapo kila mtu alipita: makarani, walimu, wauguzi, wanunuzi wa pamba, hata watu wa almasi waliotaka buti zao zitiwe soli upya. Hakuwahi kuandika kibao. Mlango ulikuwa wazi, yeye ameinama na kiatu mapajani, nyundo inalia, basi. Watu walijua. Kisha mwenye nyumba akakitaka chumba chake ampe mkwewe afungue duka la vitambaa, na Akida akapewa wiki mbili tu kuhama. Akabeba kalibu zake za mbao za kuundia viatu, ngozi, uzi wa nta na cherehani ya kushonea viatu, akavipanga kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Nyumba yenyewe ilikuwa kichochoroni, nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo mtu hafiki isipokuwa anaishi huko au amepotea.

Wateja wake wa zamani walikwenda sokoni, wakakuta vitambaa, wakaulizia, wakaambiwa fundi kahama. Wengi hawakuuliza zaidi. Walivuka barabara mpaka stendi ya mabasi, ambako chini ya mabati alikaa fundi mwingine, Bujiku, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wanne. Bujiku hakushona. Bujiku alipaka gundi, akabana kwa jiwe, akasema njoo baada ya saa moja. Kiangazi soli zake zilivumilia. Masika, na ule udongo mweusi wa Shinyanga unavyong'ang'ania kiatu kama una mkono, zilibaki njiani.

"Wanamwendea yule," Akida alimwambia mkewe, Zuwena. "Mimi nakaa hapa kama maiti anayesubiri kuzikwa."

"Si uandike kibao, Baba Mwamvua?"

"Nikiweke wapi? Hapa kichochoroni, mbuzi wasome?"

Wazo lilimjia Januari, mwaka wa sabini na tano, siku aliyokwenda kufuatilia karatasi ya kiwanja chake. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi tangu asubuhi, akiambiwa mwenye faili katoka, mwenye faili yuko njiani, mwenye faili karudi lakini faili halipo. Mlangoni palikuwa na gunia kuukuu la kufutia miguu, na tarishi wa ofisi, aliyeitwa Mabula, alisimama hapo kuhakikisha kila aingiaye anafuta. Akida hakuwa na la kufanya ila kuwatazama watu. Akaona kitu. Kila aliyefika pale kwenye gunia alisimama, akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Karani, mkulima, mama mwenye mtoto mgongoni, wote. Na wengi, baada ya kuvitazama, walikunja uso. Soli imeachama. Kisigino kimelala upande. Uzi umechungulia.

Akida aliondoka bila karatasi yake ya kiwanja, lakini alitembea haraka kama mtu aliyepewa viwanja viwili.

"Mama Mwamvua, sikiliza," alisema kabla hajakaa. "Mtu anapofuta miguu anaona kiatu chake kilivyochoka. Papo hapo, chini ya kiatu kile kile, asome jina langu. Mkeka wa katani, mnene, umefumwa herufi. Akida, fundi viatu. Nao uwe kwenye kila mlango wa maana hapa mjini."

Zuwena aliacha kuchambua mchele. "Jina lako watu walifutie tope?"

"Tope ndilo ninalolitaka."

"Na kibao?"

"Kibao ni cha mtu anayetazama juu. Masika hii nani anatazama juu? Ataanguka."

Zuwena alirudia mchele wake. "Msikitini usithubutu," akasema, na kwa kusema hivyo ikajulikana kwamba kwingine kote amekubali.

Aliyejua kufuma mikeka ya namna ile aliishi mbali, Ushirombo. Aliitwa Telesphori, mkulima Mkatoliki aliyejifunza kazi hiyo ujanani kwenye karakana ya misheni, na Akida alimfahamu kwa sababu aliwahi kumshonea buti miaka ya nyuma. Alipanda basi mpaka Kahama, akalala kwa rafiki, kesho yake akapata lori la mizigo. Alimkuta Telesphori kwenye nyumba yake mpya kando ya barabara, alikohamishiwa na serikali pamoja na wenzake mwaka uliotangulia, amezungukwa na mafungu ya katani iliyoanikwa. Binti yake, Generoza, ndiye aliyekuwa kwenye fremu ya kufumia.

Walizungumza mchana kutwa. Mapatano hayakuwa magumu: Generoza alikuwa aolewe baada ya Pasaka, na nyumba nzima ilihitaji viatu vya kuingilia kanisani. Akida alipima miguu ya bibi harusi, ya baba yake, ya mama yake na ya kaka zake wawili, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Viatu jozi tano kwa mikeka sita. Ugumu ulikuja kwenye herufi.

"Herufi za kukanyagwa lazima ziwe nene," Telesphori alisema, akichora chini kwa kijiti. "Nyembamba zitafutika mwezi wa kwanza. Sasa wewe unataka jina, unataka kazi, unataka Kambarage, halafu unataka na picha ya buti. Havienei. Ukivibana, buti litafanana na panya."

"Buti lazima," Akida alisema. "Asiyejua kusoma ataona buti."

"Basi toa kimoja."

Akida alitazama michoro ile mavumbini kwa muda mrefu. Jina lake hakuweza kulitoa. Fundi viatu, hakuweza. "Toa Kambarage," akasema mwisho. "Mji wenyewe mdogo. Mtu akishajua jina, ataulizia."

Telesphori alifuta Kambarage kwa kisigino.

Mikeka ilifika mwishoni mwa Februari, imeviringishwa ndani ya turubai juu ya basi. Akida na Zuwena waliifungua uani. Katani ilikuwa nyeupe inayong'aa, imekatwa sawasawa kama nywele za mtu aliyetoka kinyozi. Herufi zilikuwa nyeusi, katani yake imepikwa kwa magome na tope la mbugani, nene, zimesimama wima. Katikati buti, lenye kamba na vitundu vyake. Na Generoza, kwa furaha yake ya harusi bila shaka, alikuwa amezungushia kila mkeka pindo jekundu ambalo hakuna aliyemwagiza.

"Mizuri mno," Zuwena alisema.

Akida hakuisikia vizuri ile "mno". Alikuwa anacheka peke yake.

Aliigawa kwa siku moja. Mmoja akampa Mabula kwa ajili ya ofisi ya ardhi. Mmoja akaupeleka kwenye gesti ya Mama Febronia, mjane wa Bukombe ambaye vyumba vyake vilijaa wafanyabiashara wa kutoka Geita na Chato. Mmoja zahanati. Mmoja kwenye ginneri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Mmoja kwa Herman, wakala wa mabasi pale stendi, mwenye ofisi ndogo ya kukatia tiketi. Wa sita akautandika kwenye mlango wake mwenyewe. Wote walishukuru. Wote walisema hawajapata kuona kitu kama kile. Akida alirudi nyumbani, akapaka nta uzi wa siku kumi, akanoa visu, akakaa kusubiri.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Mvua zilinyesha kila siku, mvua nzuri za kuozesha viatu, na hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja mwanamke mmoja, akasimama mlangoni, akautazama mkeka.

"Karibu," Akida aliinuka. "Ingia, futa miguu."

"Mnauza hii?" mwanamke aliuliza.

"Nashona viatu."

"Nauliza mkeka."

"Mkeka hauuzwi."

Mwanamke akaenda zake. Akida akakaa chini, akainuka, akavaa koti la mvua. "Nakwenda kuona wanafanya nini na mikeka yangu," alimwambia Zuwena.

Ofisi ya ardhi alimkuta Mabula amesimama mlangoni kama askari wa benki. Gunia kuukuu lilikuwa pale pale. Mkeka ulikuwa ndani zaidi, hatua mbili mbele, safi kama siku ulipofumwa, na watu baada ya kufuta miguu kwenye gunia waliinua miguu na kuuruka.

"Shikamoo, mzee," Mabula alisema. "Umeona nilivyoutunza?"

"Marahaba. Kwa nini wanauruka?"

"Nimewakataza kuukanyaga. Bwana Mkubwa mwenyewe kausifu. Alisema kitu kama hiki ni cha wageni wa kutoka wizarani."

"Mabula, mwanangu, huu ni wa kufutia miguu."

"Miguu hii ya kwetu?" Mabula alicheka kwa huruma, kama anayemsikia mzee akisema jambo la kitoto.

Akida alitoka nje, akakanyaga dimbwi kwa mguu wa kulia, akakanyaga kwa wa kushoto, akarudi, akalipita gunia, akasimama katikati ya buti na kufuta miguu mara nne. "Hivi," alisema. "Ona. Hivi."

Mabula alitazama tope lile jeusi juu ya katani nyeupe, na uso wake ukabadilika. "Mzee, umeharibu kitu cha ofisi," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali toka." Alipokuwa anatoka, Akida alimwona ameshapiga magoti na kitambaa chenye maji.

Kwa Mama Febronia ilikuwa vibaya zaidi. Mlangoni hapakuwa na kitu. Ndani, sebuleni, juu ya redio, mkeka ulikuwa umetundikwa ukutani kwa misumari minne, karibu na picha ya Bikira Maria.

"Baba Mwamvua!" Febronia alimkaribisha kwa mikono miwili. "Wageni wote wanauliza huu urembo nimeutoa wapi."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia wamefuma kwetu, upande wa Ushirombo."

Akida aliuma mdomo. "Mama Febronia, nilikuomba uuweke chini. Wageni waukanyage."

"Nikanyage jina lako mimi?" Febronia alishika kifua. "Miaka yote umenishonea viatu, watoto wangu wamesoma kwa viatu ulivyoshona wewe, leo nikuweke mlangoni mtu afutie mavi ya kuku? Sitathubutu. Wewe si mtu wa kukanyagwa."

"Nataka nikanyagwe!" Akida alipaza sauti mpaka mgeni mmoja akafungua mlango wa chumba chake kuchungulia. "Ndiyo kazi yake, mama! Nimekwenda mpaka Ushirombo ili nikanyagwe!"

Febronia alimkalisha, akamletea chai, akamwambia amechoka. Mkeka haukushuka.

Ginneri walikuwa wameufungia stoo mpaka msimu wa kununua pamba uanze, wasije wakauchafua kabla ya wakati. Akida hakubishana nao. Alikuwa amebaki na neno moja tu kichwani, "mno" ile ya Zuwena, na lilimuuma.

Zahanati alifika saa saba, amelowa. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa mpya kwake, dada aliyeitwa Mageni, mwenye sare nyeupe na ndala za mpira. Mkeka ulikuwa chini ya mizani ya kupimia watoto, wasikanyage sakafu ya baridi. Angalau hapa ulikuwa chini.

"Unakaa vizuri mkeka?" Akida alianza kwa upole.

"Mkeka mzuri," Mageni alijibu. "Mwenyewe ndiye mwongo."

"Mwenyewe nani?"

"Huyo Akida. Si jina lake hilo hapo? Nilikuwa nalisoma kila siku nikipima watoto. Nikasema fundi anayejitangaza hivi lazima anaijua kazi. Viatu vyangu vya kazi vilikuwa vimeachama, nikaulizia Akida ni nani, nikaambiwa yuko stendi. Nikampelekea." Alinyanyua mguu kuonyesha ndala. "Vimekaa siku mbili. Soli imebaki kwenye tope huko nje, na mimi nimebeba mtoto wa mtu. Gundi tupu! Hakuna hata uzi mmoja."

"Akida hagundishi," fundi alisema polepole. "Akida anashona."

"Labda zamani. Siku hizi kila mtu anasema Akida kaharibika."

"Akida ni mimi."

Mageni alimtazama, akatazama nywele zake zenye mvi. "Baba yangu, usinichezee. Akida wa stendi ni kijana kuliko wewe. Nimekaa mbele yake na miguu yangu juu ya mkeka kama huu huu."

Kutoka zahanati mpaka stendi si mbali, lakini Akida hakukumbuka baadaye amepita njia gani. Alimkuta Bujiku chini ya mabati, na chini ya miguu ya mteja wake, umelowa, umechafuka, umekanyagwa hasa, ulikuwa mkeka wa tano. Wateja watano walikuwa kwenye mstari. Mbele ya ofisi ya Herman, pale ambapo mkeka ulipaswa kuwa, palikuwa na saruji mpya iliyofunikwa kwa mbao.

"Wewe unaitwa nani?" Akida aliuliza.

Bujiku alimtambua. Mkono wenye brashi ya gundi ulisimama. "Baba, unanijua."

"Nataka uniambie hapa mbele ya watu. Unaitwa nani?"

"Mimi sijasema naitwa Akida," Bujiku alijibu kwa sauti ndogo. "Wao ndio wanaosema. Wanafika, wanasoma, wanasema Akida nitengenezee. Nikikataa wanaondoka. Nina watoto, baba."

Akida hakungoja zaidi. Aliinama, akashika pindo jekundu, akavuta. Mteja aliyekuwa amekaa, mwanamume mnene aliyevua kiatu kimoja, nusura aanguke.

"We mzee! Unafanya nini na mkeka wa Akida?"

"Akida ni mimi!"

"Akida si huyu hapa anatengeneza kiatu changu?"

"Mwizi!" mtu alisema nyuma. "Mzee mzima!"

Katika muda wa kuhesabu mpaka ishirini palikuwa na watu thelathini. Akida alishika pindo moja, yule mnene, mguu mmoja mtupu kwenye tope, alishika pindo la pili. Bujiku alikuwa amesimama katikati, mdomo wazi, na hakusema neno ambalo lingemaliza yote. Hilo ndilo Akida alilokuja kulisimulia mara nyingi baadaye: si kwamba Bujiku alisema uongo, ila alinyamaza. Mgambo alitokea, akawatenganisha, akawapeleka wote kwa mjumbe wa nyumba kumi, mzee mmoja aliyekuwa anakula wali na hakupenda kusumbuliwa.

Mjumbe aliwasikiliza wote, mmoja mmoja. Akamwita Herman.

"Ni kweli alinipa huyu mzee," Herman alisema. "Lakini mlango wangu walikuwa wanaumwagia saruji. Nikamwambia Bujiku autumie kwa muda. Baadaye nikaona unamfaa kuliko mimi, nikamwachia."

"Ulimpa Herman kwa karatasi yoyote?" mjumbe alimgeukia Akida. "Mkataba?"

"Nilimpa bure. Ni tangazo langu."

"Tangazo linasema uko wapi?"

Akida aliyaona tena mavumbi ya Ushirombo na kijiti cha Telesphori.

"Linasema Akida, fundi viatu," mjumbe aliendelea, akausoma mkeka uliotandazwa mbele yake, matone ya tope yakichuruzika sakafuni. "Halitaji Kambarage, halitaji stendi. Kitu ukishampa mtu bure, kimekwenda. Mkeka ulikuwa wa Herman, naye kampa Bujiku. Na wewe Bujiku, mtu akikuuliza jina, sema jina ulilopewa na baba yako. Haya, nendeni."

Bujiku aliuviringisha mkeka, akaubeba begani. Pale nje alijaribu kusema kitu, lakini Akida alikuwa ameshampita.

Siku mbili Akida hakufungua mlango wa kazi. Alilala akitazama dari. Hakumlaumu Mabula, wala Febronia. Alijilaumu kwa Kambarage iliyofutwa kwa kisigino, kisha akamlaumu Generoza kwa pindo jekundu, kisha akaona aibu, maana yule binti alifanya kwa wema. Kilichomkata maini zaidi hakikuwa mkeka. Ilikuwa kwamba mahali fulani mjini humo watu walikuwa wanatembea wamefunguka soli, wakisema Akida ndiye aliyewafanyia hivyo. Miaka kumi na minane hakuwahi kumrudishia mtu kiatu ambacho yeye mwenyewe asingekivaa.

Siku ya tatu Zuwena alimwekea uji. "Wateja wako wako stendi," alisema. "Wanakutafuta huko. Na wewe uko hapa."

"Nikakae na yule?"

"Sikusema ukae naye. Nimesema wateja wako wako stendi."

Kesho yake asubuhi Akida alikodi mkokoteni, akapakia cherehani, kalibu, kigoda na debe la ngozi, akaenda. Aliweka kigoda chake chini ya mabati yale yale, upande wa pili wa mkeka, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mwangaluka, baba," Bujiku alimsalimu Kisukuma.

Akida alitia uzi kwenye sindano.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, amebeba kiatu mkononi na soli mkono wa pili. Alisimama katikati yao. "Akida ni yupi? Soli yako hii imefunguka."

Akida alimtazama Bujiku. Bujiku alikuwa anatazama ndani ya kopo lake la gundi kana kwamba limeangukiwa na kitu. Kiatu kilikuwa kazi yake, kila mtu angeweza kuona gundi ilivyokauka pembeni kama ute wa konokono. Ilikuwa rahisi kusema. Akida alikuwa na maneno tayari, alikuwa nayo tangu jana yake.

"Lete," akasema.

Aliikwangua gundi yote, akatoboa kwa maharazi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akashona kuzunguka, mishono midogo iliyolala sawa. Mwalimu alipoingiza mkono mfukoni Akida alitikisa kichwa. "Ulishalipa."

Wakaja wengine. Ilivyoonekana, katika majuma yale mawili Bujiku alikuwa amegundisha nusu ya mji kwa jina lisilo lake. Kila aliyefika akasema "Akida, angalia ulichonifanyia", Akida alipokea na kushona bure. Viatu vya kazi vya Mageni alivifuata mwenyewe zahanati, akavirudisha vikiwa na soli mpya iliyoshonwa. Mwezi wa Machi ukaisha hivyo, na Aprili ikaanza hivyo, vidole vimechanika kwa uzi, na viatu vya harusi ya Ushirombo akavishona nyumbani baada ya kazi, mgongo unauma.

"Unamfanyia kazi Bujiku," Zuwena alimwambia, na safari hii alikuwa na hasira kweli.

"Simfanyii Bujiku. Walipomlipa yeye, walinilipa mimi."

"Hiyo mimi siielewi."

"Hata mimi siipendi," Akida alisema.

Na Bujiku? Kwa wiki tatu hawakuzungumza ila "sogea" na "mvua inakuja". Kisha asubuhi moja alifika na kidonge cha uzi, akakiweka kwenye kigoda cha Akida. "Nimeona uzi unakwisha, baba. Wako."

Akida aliuvuta, akaukaza kati ya mikono, ukakatika. "Huu wa kushonea magunia."

Bujiku aliuchukua. Siku ya gulio alirudi na mwingine. Akida aliukaza, haukukatika. Akautia kwenye debe lake, na baada ya muda, bila kumtazama, akamrushia Bujiku maharazi ya zamani na kipande cha ngozi. "Toboa. Tundu moja kila upana wa punje ya mchele. Ukikosea usinionyeshe."

Hayakuwa mapatano, wala Akida hakuyaita hivyo. Wakati wa kunywa chai kila mmoja alikunywa yake, amegeukia upande wake. Lakini watu waliacha kusema kwamba Akida kaharibika, na wale wa zamani, makarani na wauguzi, walianza kurudi mmoja mmoja, wakistaajabu kumkuta stendi.

Mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zimeanza kukatika, alishuka abiria mmoja kwenye basi la kutoka Geita, kijana mwenye vumbi la machimbo kwenye suruali na buti lililopasuka mbele. Alisimama mbele yao.

"Akida ndiye nani hapa?"

Bujiku aliinua kidole bila kusita. "Akida ni huyo mzee. Anashona. Mimi ni Bujiku, nagundisha."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo bila kuulizwa mara mbili. Akida alinyoosha mkono kupokea buti.

"Kushona kunachukua muda gani?" kijana aliuliza.

"Njoo kesho mchana."

"Na gundi?"

"Saa moja," Bujiku alisema.

"Basi langu la kuendelea linaondoka leo saa sita," kijana alisema, akavua buti na kumpa Bujiku.

Akida aliurudisha mkono wake polepole. Akachukua uzi, akaupaka nta, akaendelea na kiatu cha mtu aliyekuwa amekubali kusubiri.